Nyuni, Mwarobaini na Mburuga: Uhakiki wa Lugha ya Tiba katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imekuwa ada kuitazama lugha ya mganga kama pambo la hadithi. Huletwa ili msomaji atishike au acheke, kisha huondolewa mara tu daktari au mpelelezi aingiapo jukwaani. Lugha yenyewe, yaani majina ya maradhi na ya miti, vipimo vya dawa, na kauli zinazopokezanwa baina ya mganga na mteja wake, haijapata uhakiki unaoistahili. Makala haya yanaichunguza lugha hiyo kama inavyosikika katika pwani ya Kilifi na Malindi, mahali ambapo Kiswahili na lugha za Mijikenda zimeishi nyumba moja kwa muda mrefu hata si rahisi kusema neno gani ni la nani. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha hii si ganda tu la elimu ya tiba, bali ni sehemu ya tiba yenyewe. Na kwamba pale inapofasiriwa vibaya, iwe na muuzaji wa sokoni, mtunga sheria au msomi, yuko mtu anayeumia.

Yafaa kuanza na istilahi mbili zilizokwisha kuzoeleka: tiba asili na tiba mbadala. Tanzania ilizitia katika sheria yake ya mwaka 2002, na Kenya, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ilitenga sehemu nzima kwa ajili ya tiba ya jadi na tiba mbadala. Nia ya sheria hizo haina lawama. Tangu Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililowataja waganga wa jadi miongoni mwa watoaji wa huduma za msingi za afya, serikali nyingi zimejaribu kumtoa mganga gizani. Lakini neno ‘mbadala’ lina maana ya kitu kinachoshika nafasi ya kingine, na hapana budi kuuliza: mbadala wa nini? Kwa mama wa Ganze au Magarini, ambaye bibi yake alichuma majani kabla zahanati haijajengwa, kilichokuja baadaye ni hospitali. Na hata hivyo hakibadili kimoja nafasi ya kingine, kwani mama huyo aweza kumpeleka mtoto hospitali asubuhi na kumfukiza kwa nyungu jioni, wala haoni kwamba amejipinga. Kiswahili cha pwani kimempa neno moja, ‘dawa’, linalokusanya kidonge, mzizi, vuo la kuogea, hirizi na kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji yakanywewa. Istilahi za sheria zimelikata shamba hili vipande viwili kwa kisu kilichonolewa katika lugha nyingine.

‘Asili’ nalo lina mashaka yake, na hapana mfano ulio bora kuliko mwarobaini. Mti huu ndio unaotajwa kwanza kila lisemwapo neno dawa za miti shamba. Majani yake machungu huchemshwa kwa homa, vijiti vyake hupigwa mswaki, mafuta yake hutiwa katika sabuni. Hata hivyo asili yake ni Bara Hindi. Umefika pwani hii kwa njia ile ile iliyoleta vyakula, nguo na maneno mengi ya Kiswahili, na ukapokewa kiasi kwamba jina lake jingine ni mkilifi, neno ambalo kwa umbo lake lasomeka kama mti wa Kilifi. Mgeni amepewa jina la mji! Anayeuita mti huu ‘dawa ya asili’ kwa maana ya kitu kisichotoka popote ila hapa hajasikiliza lugha yake mwenyewe.

Jina mwarobaini lastahili kuangaliwa zaidi. Wauzaji wengi hulifasiri kama hesabu: mti unaoponya maradhi arobaini. Wako wanaoyaorodhesha, na orodha haikosi kuongezeka kila ugonjwa mpya unapoingia nchini. Lakini katika Kiswahili arobaini si hesabu ya kawaida. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Maiti husomewa arobaini. Siku za mwizi, wasemavyo watu, ni arobaini. Katika matumizi yote hayo idadi hiyo ni alama ya ukamilifu wa muda au wa jambo. Mwarobaini basi ni mti unaofaa sana, mti uliotimia, na aliyeupa jina hilo alitumia tamathali, hakuandika orodha. Muuzaji anayeigeuza tamathali kuwa orodha anafanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesahihishwa akilifanya katika shairi. Tofauti ni kwamba kosa la mwanafunzi halimfanyi mgonjwa wa kisukari aache sindano yake.

Tena kuna mwarobaini kamili na mwarobaini nusu. Wa kwanza ndio mkilifi. Wa pili ni ndugu yake wa jamii moja ya miti, unaofanana nao kwa majani, na matunda yake yana sumu. Watu wa zamani walitia tofauti hiyo katika jina kwa neno moja tu, ‘nusu’, na neno hilo ndilo linaloachwa katika matangazo. Wala mwarobaini kamili wenyewe si wa kuchezewa: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walitangaza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta yake wakapatwa na ugonjwa mkali wa ini na ubongo. Kwa hiyo kivumishi katika jina la mti, ambacho mwanasarufi angekipita upesi, ni onyo lililohifadhiwa na lugha.

Jina la pili la kuhakikiwa ni nyuni. Katika Kiswahili cha zamani na katika Kimijikenda nyuni ni ndege, na ni jina pia la maradhi ya watoto ambayo sehemu nyingine za pwani huitwa dege au degedege. Mtoto hukakamaa, macho yakageuka juu, mikono ikapigapiga mfano wa mbawa. Aliyeutazama mwili huo akasema ‘nyuni’ aliona kwa jicho la mshairi, na hakukosea katika alichokiona. Lakini tamathali hii haikukaa katika umbo la ugonjwa tu, ilipanda hadi kwenye sababu yake. Ikiwa ni ndege, ametoka juu. Ikiwa ametoka juu, si homa. Na ikiwa si homa, dawa yake haipo hospitalini. Katika sehemu za pwani ya Afrika ya Mashariki imepata kuaminiwa kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Ilhali mara nyingi mtukutiko huo huletwa na homa kali, na katika pwani hii malaria imekuwa chanzo chake kikubwa, ambapo saa chache huamua kama mtoto ataishi.

Hapa mhakiki wa lugha ana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya peke yake. Kumwambia mama kwamba hapana ndege, bali ni malaria, ni kumnyang’anya jina bila kumpa jingine linaloeleza kile alichokiona kwa macho yake. Malaria kwake ni homa ya siku zote, inayokuja na kuondoka. Haifanani na mtoto anayepigapiga mikono. Ingalifaa zaidi kuyaunganisha majina mawili, kusema kwamba homa ikizidi hugeuka nyuni, na kwamba anayetaka kumwondoa nyuni aiwahi homa. Kituo cha utafiti cha KEMRI, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust, kimekutana na shida ya jinsi hii katika neno ‘utafiti’ lenyewe. Watafiti wake waligundua kwamba wazazi wengi hawakutenga utafiti na matibabu, kwa kuwa vyote viwili vilifanywa na watu wale wale, katika jengo lile lile, kwa sindano ile ile. Waliopata tafsiri sahihi ya kamusi walikuwa bado hawajapata maana.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mburuga, yaani upigaji ramli wa Wagiriama na jirani zao. Mganga wa mburuga hatibu; kazi yake ni kuutafuta ugonjwa umetoka wapi, kisha mteja huenda kwa mganga mwingine mwenye dawa zake. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wagiriama tangu miaka ya 1960, aliandika mwaka 1979 juu ya usemi huu. Alionyesha jinsi mganga anavyoanza kwa maneno yaliyotatizika, akirukaruka kutoka jambo hili hadi lile, na jinsi usemi unavyonyooka kidogo kidogo kadiri mteja anavyoitikia. Neno la itikio ni ‘taire’. Kwa mtazamo wa fasihi huu ni utungo wa watu wawili: mmoja ana maneno mengi asiyojua mwisho wake, mwingine ana neno moja tu, lakini ndilo linalochagua njia. Anayesema kwamba mganga humdanganya mteja amesahau nani aliyekuwa akiitikia.

Utata huo una thamani yake. Maadamu usemi haujanyooka kabisa, lawama haijamwangukia mtu. Yaweza kuwa koma aliyesahauliwa, nadhiri isiyotimizwa, ugomvi wa ndugu uliofunikwa. Familia hurudi nyumbani na jambo la kuzungumza. Msiba huanza pale utata unapoondolewa na mahali pake pakawekwa jina la mtu aliye hai. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wenye mvi, wanaume kwa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamelazimika kuyahama makazi yao na kukimbilia Kaya Godoma huko Ganze ili wanusurike. Si haki kuubebesha mburuga lawama yote, kwani magombano ya ardhi na urithi yamo ndani yake, na mara nyingi ndiyo yanayosubiri kisingizio. Lakini itikio la ‘taire’ likiisha kutolewa juu ya jina la baba mkubwa, neno hilo halirudi.

Sheria ya kikoloni haikusaidia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyobaki katika vitabu vya Kenya baada ya uhuru, ilimhesabu mwenye kudai ujuzi wa uchawi pamoja na mwenye kutumia hirizi. Kiswahili kina maneno mawili, mganga na mchawi, na yanapingana: mmoja hufungua alichofunga mwingine. Kuyaweka chini ya kifungu kimoja kulikuwa na matokeo mawili. Mganga mwenye adabu ya kazi yake, aliyefundishwa, akapewa mkoba na kumlipa mwalimu wake kilemba, alijificha. Na laghai, asiye na mwalimu wala kilemba, akapata nafasi, maana gizani wote hufanana. Yeyote anayeshangaa leo kuona vibao vya waganga vikiahidi kurudisha mpenzi, kushinda kesi na kuponya kila ugonjwa kwa siku moja angefaa kukumbuka kwamba chama cha mafundi kikivunjwa, hubaki soko.

Na waandishi je? Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli zake zilihaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1903, aliandika juu ya maradhi, waganga na pepo kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi nyumba inavyojengwa. Hacheki wala hatishi. Nathari iliyofuata, hasa ile iliyokuzwa na mashindano ya Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, ilichukua njia nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968), Muhammed Said Abdulla anaifanya imani ya watu kuwa pazia ambalo Bwana Msa hulifunua, na nyuma yake hukutwa jinai ya kawaida ya binadamu. Ni riwaya zenye werevu, na furaha ya kuzisoma haipingiki. Lakini urithi wake ni kwamba mganga katika riwaya nyingi za baadaye hana lugha. Ana mavazi, ana moshi, ana kicheko. Ni nadra kumkuta akitaja mti kwa jina, au akipima dawa kwa ukufi, kwa konzi au kwa kibaba, au akimwambia mgonjwa kwamba ugonjwa huu haumo katika mkoba wake na aende hospitali. Hospitali nayo, kwa upande wake, imeandika kwa miaka mingi ‘kutwa mara tatu’ juu ya bahasha za vidonge bila kujiuliza kwamba kutwa ni mchana, na kwamba mgonjwa mtiifu aweza kuuacha usiku mzima.

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya namna moja ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikashindwa mwaka 2005, kwa sababu uliletwa ushahidi kwamba jambo hilo lilikuwa likifanywa India kabla. Ushahidi ulikuwepo. Kwa Kiswahili na Kimijikenda kumbukumbu za namna hiyo bado ni chache. John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya kazi kubwa katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki cha mwaka 1976, akaandika majina ya kienyeji kando ya yale ya Kilatini. Lakini kitabu hicho ni cha mwanabotania, na jina ndani yake ni kitambulisho tu. Waliokuwa wakilitamka katika misitu ya kaya, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, walilitamka ndani ya sentensi: uchumwe lini, kwa mkono gani, kiasi gani, na nani asipewe. Sentensi hizo ni kazi ya idara za lugha, si ya idara za mimea. Kwa kuanzia, kamusi inayoandika ‘mwarobaini’ na kuishia hapo ingepaswa kuongeza mistari miwili: kamili, na nusu.