Antivirusi Nzuri Utaijua kwa Tarehe

Ukiambiwa kompyuta fulani ina antivirusi, usishughulike na jina lake wala alama ya kijani kwenye kona ya skrini. Ulizia tarehe. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, usome orodha ya virusi ilisasishwa lini. Kwenye steshenari za milimani huku Kigoma, Munanila au vijiji vya Kibondo, mashine moja inachapa mitihani, mihtasari ya kijiji na kadi za harusi, na bando linanunuliwa kwa kubana. Usishangae kukuta tarehe ya mwaka juzi. Antivirusi hiyo ni mlinzi anayewajua wezi waliokwisha kuzikwa.

Ya kununua haihitajiki. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft huweka Defender ndani ya mashine bila malipo, na kwa mwalimu, karani au mwanafunzi inatosha. Fundi akitaka kukuongezea nyingine, akueleze itafanya nini ambacho hii haifanyi. Mara nyingi anakuwekea ya majaribio: Defender inakaa pembeni, majaribio yanaisha, unabaki na matangazo ya kudai hela. Antivirusi yenye kelele naiweka daraja la mwisho.

Mashine isiyo na intaneti nayo ina dawa yake. Microsoft hutoa faili liitwalo mpam-fe.exe, lenye orodha yote ya virusi, ukubwa wake zaidi ya MB 100. Fundi analipakua mara moja akiwa Kasulu mjini, analibeba kwenye fleshi, analifungua kwenye kila kompyuta anayoihudumia. Ukimpata anayefanya hivyo bila kukumbushwa, mshike.

Fleshi yenyewe ndiyo mtihani wake mkubwa. Mteja anakuja analia: mafolda yote yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo, kazi ya muhula mzima haionekani. Fundi mbovu anafomati na kutoza hela. Fundi mzuri hagusi hata kialama kimoja, kwa sababu anajua faili zipo, zimefichwa tu. Anasafisha kwanza kompyuta, kisha anafungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (herufi E ikiwa ndiyo ya fleshi hiyo). Mafolda yanarudi, ndipo anafuta vile vialama. Zamani kuchomeka tu kulitosha kuambukiza. Conficker ya mwaka 2008 ilienea hivyo pia. Microsoft ilipoiziba njia hiyo, hadi kwenye Windows za zamani mwaka 2011, virusi vilibaki na ujanja wa kukufanya ubofye mwenyewe. Ndiyo kazi ya ule mshale.

Unataka kujua kama ulinzi uko macho? Kuna mstari wa herufi na alama 68 uitwao EICAR, hauna madhara, ambao watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kuukamata kama kirusi. Uandike kwenye Notepad, uhifadhi. Faili likikaa pale hadi jioni, kuna mtu amezima kitu. Nenda kwenye orodha ya vilivyosamehewa, Exclusions. Aliyepiga Windows ya wizi huzima Defender ili programu yake ya kuvunja leseni ipite, na wakati mwingine huacha diski C nzima imesamehewa. Kazi ya namna hiyo hailipwi.

Simu ni habari nyingine. Android nyingi zina Play Protect tangu 2017, na iPhone hairuhusu programu moja kukagua nyingine, kwa hiyo "antivirusi" ya iPhone haiwezi kukagua chochote cha maana. Mwaka 2019 AV-Comparatives ya Austria ilipima antivirusi 250 za Android. Ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 ya virusi zilivyotegewa bila kusingizia programu safi. Nyingine zilikuwa na orodha ya majina yanayoaminika tu, zikasahau kujiandika zenyewe, zikajitangaza kuwa hatari!

Kwenye simu basi pima chanzo. Faili la programu (APK) lililotumwa WhatsApp, likatae. Simu mpya inayomaliza bando na salio yenyewe, irudishe dukani mapema: mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kukuta kirusi Triada ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana na kwingineko Afrika, kikiwemo tangu simu haijatoka kwenye boksi na kikiwaunga wenye simu na huduma za kulipia wasizoomba.

Na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" haimo kwenye orodha yoyote ya virusi. Ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba ya tapeli, kisha uifute.