Terazo Jikoni Garissa: Nimeiona, Nimeigusa, Naitaka!

Mashallah! Ndilo neno lililonitoka, na ndilo lililomtoka kila aliyeingia jikoni nyuma yangu. Kaunta ya terazo imeshika ukuta mzima, imekunja kona bila kiungo hata kimoja, imepita chini ya dirisha na kuishia mlangoni. Rangi yake ni ya maziwa, na ndani yake zimezama punje za marumaru, nyeupe, za kijivu na chache nyekundu, kama lozi kwenye halua. Ukiipitishia kiganja husikii punje wala saruji. Unasikia ubaridi tu, na Garissa saa nane mchana, ubaridi wa bure ni neema.

Nyumba yenyewe iko Bulla Iftin, mpya kabisa, milango bado inanuka rangi. Fundi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupaka nta, na jiko la gesi lilikuwa bado kwenye katoni. Huu basi ni mtazamo wa kwanza. Hakuna sambusa hata moja iliyokwisha kukunjwa juu yake. Lakini siwezi kungoja, kwa sababu kila anayejenga mjini siku hizi anauliza jambo lile lile: juu ya kabati za jikoni tuweke nini? Nasema mapema ninachokiamini. Kwa jiko la Kaskazini Mashariki, terazo inayomwagwa papo hapo ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Graniti ije ijitetee.

Jiko limesimama

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika nyumba nyingi za huku jiko lilikuwa chumba cha uani, makaa yako chini, mpishi ameketi kwenye gambar, kile kigoda kifupi cha ngozi, na sinia la unga liko miguuni. Hakuna aliyehitaji kaunta. Sasa gesi imeingia, sinki limeingia, na mpishi amesimama. Kaunta ya sentimita 90 kwenda juu na 60 kwenda ndani imekuwa ndiyo kiwanja cha kazi yote: kukanda, kukata nyama ya mbuzi, kukoroga unga wa anjera, kupoza birika la chai ya maziwa ya ngamia. Kaunta ikikosewa, kila siku ya jiko hilo ni ugomvi.

Na jiko la Garissa lina maadui wake. Joto la mchana hupita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Vumbi linaingia hata dirisha likifungwa. Mchwa hawalali. Maji ya Tana huja na tope lake kila mvua inaponyesha huko juu mlimani, na ukienda Wajir utakuta maji ya visima vya kwenye mawe ya chokaa, maji magumu yenye chumvi, yanayoacha duara jeupe popote tone lilipokaukia. Halafu kuna asidi, adui ambaye hatumhesabu: limau, ukwaju, susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachuka, na unga wa anjera uliochachuka vizuri.

Waliofika wakashindwa

Mbao zilizosagwa na kubandikwa fomaika: zinapendeza dukani, lakini maji yakipenya kwenye ukingo wa sinki zinavimba, na mchwa wakizigundua habari yake imekwisha. Vigae: ni rahisi, havidhuriki na limau wala moto, lakini ile mistari ya katikati hunywa mafuta na bizari hadi ikawa myeusi, na ukikanda chapati unga unakaa humo. Chuma kisichoshika kutu: cha hoteli, kinafaa sana, ila kina kelele na kila alama ya kidole inaonekana. Marumaru yenyewe: nzuri kuliko zote kwa macho, laini kuliko zote kwa kazi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru iko 3 hivi, graniti iko kati ya 6 na 7, na tone la limau huiachia marumaru kidoa kisicho na mng'ao.

Kwazi, yale mawe ya kiwandani yanayosifiwa Nairobi, ndiyo iliyonisumbua zaidi kuikataa. Ni ungaunga wa mawe ya kwazi, zaidi ya asilimia 90 kwa uzito, ulioshikishwa kwa gundi ya plastiki. Haihitaji kupakwa dawa, haishiki madoa upesi, rangi zake unazichagua utakavyo. Tatizo ni hiyo gundi. Sufuria iliyotoka motoni inaweza kuiunguza, na jua likiipiga mwaka hadi mwaka huigeuza manjano. Majiko yetu mengi yana upande ulio wazi, na jua letu ndilo lililofanya kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 na ushei kijengwe hapa Garissa na kuzinduliwa 2019. Kuna pia mapafu ya fundi: vumbi la kukata mawe haya limewapa wafanyakazi ugonjwa wa silikosisi, hadi Australia ikayapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024. Mawe mengine pia yana vumbi la namna hiyo, lakini kwazi ya kiwandani ndiyo inayolitoa kwa wingi kupita zote. Kwa kaunta ya uani pale kwetu, hapana.

Graniti, mpinzani wa kweli

Sitaidharau graniti. Ile nyeusi yenye vimetameta vya dhahabu, Black Galaxy, hutoka Andhra Pradesh huko India, na ukiiona chini ya taa unaelewa kwa nini watu wanajinyima ili waipate. Moto hauitishi, kisu hakiichani, limau haliigusi.

Lakini ifikishe Garissa kwanza! Slabu ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 50 na ushei kwa kila mita ya mraba. Kipande cha mita mbili na nusu chenye tundu la sinki kimebaki na mikono miwili myembamba mbele na nyuma ya tundu, na hapo ndipo kinapovunjikia. Sasa kipandishe lori Nairobi, kipitishe Thika na Mwingi, kilomita zipatazo 370. Na mvua zikija, hata lori zima huenda lisifike: Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata barabara pale kati ya Madogo na Garissa, na mwaka 2024 yakarudia. Slabu ikifika na ufa, hakuna duka la jirani la kuibadilishia. Ikipona safari, ile nyeusi inayong'aa huonyesha kila chembe ya vumbi, na kwa maji ya Wajir inajaa maduara meupe kabla ya adhana ya alasiri.

Terazo inavyozaliwa

Sasa njoo uone tofauti. Terazo haiji imetengenezwa. Inakuja kwa mifuko: saruji nyeupe, punje za marumaru, rangi ukitaka. Fundi anajenga kuta fupi za matofali, anamwaga juu yake zege lenye wavu wa chuma wa BRC ndani, analiacha lishike. Kisha anatandaza tabaka la terazo la sentimita moja na nusu hadi mbili, anashindilia punje zikaribiane, anasawazisha kwa mwiko. Zege na terazo vinakuwa kitu kimoja. Mchwa atakula nini hapo?

Halafu inakuja kazi ya subira, na hapa ndipo fundi wa Garissa anapojulikana kama ni fundi. Saruji ikikauka kwa jua letu bila kunyweshwa maji, inapasuka nyufa nyembamba za nywele. Niliyemkuta alikuwa ameifunika yote kwa magunia akawa anayamwagia maji asubuhi, mchana na jioni. Baadaye anaisaga kwa mashine na jiwe kali, maji yakitiririka muda wote, tope jeupe linashuka hadi sakafuni, na punje zinaanza kujitokeza. Matundu anayaziba kwa uji wa saruji ya rangi ile ile, anasubiri tena, anasaga kwa jiwe laini, kisha laini zaidi. Mwisho ni asidi ya oksaliki ya kung'arishia, dawa ya kuziba vinyweleo, na nta. Kwa kuwa kusaga ni kwa maji, vumbi halipandi puani.

Na tazama alichokifanya ukutani! Kaunta haikomi pale inapokutana na ukuta. Inapinda taratibu na kupanda kiasi cha kiganja, terazo ile ile, bila mstari. Hakuna ufa wa mende, hakuna mahali pa sukari kujificha ikaite sisimizi. Ukingo wa mbele ameuviringisha kwa grainda na msasa wa mkono, mtoto akiugonga kichwa atalia lakini hatashonwa. Chini ya dirisha amechonga mteremko mdogo unaorudisha maji kwenye sinki. Slabu ya dukani utaikata namna gani ikupe hayo yote?

Nilipoijaribu

Niliomba ruhusa, na mwenye nyumba akanipa, akisimama karibu kuliko nilivyopenda. Birika lililochemka likawekwa juu ya terazo. Lilipoondolewa, hakuna alama. Hata hivyo fundi alinionya: saruji haiogopi birika, lakini sufuria ya mafuta ya kukaangia ikikaa pale pale kila siku itachoma dawa ya juu. Weka kitambaa au kibao.

Kisha mama mwenye nyumba akauliza swali ambalo kila mpishi wa huku angeuliza.

"Fundi, hii itashika bizari?"

"Ukiiacha ilale hapo, mama, itashika. Ukiipangusa saa hiyo hiyo, haishiki."

Nikataka kuona kwa macho. Fundi alikuwa na sampuli isiyopakwa dawa, na kando yake kipande cha graniti. Nikakamulia limau vyote viwili. Kwenye graniti limau lilikaa tu, likapanguswa, mambo yakaisha. Kwenye terazo vilizuka vipovu vidogo, na lilipopanguswa pakabaki kidoa butu cha ukubwa wa shilingi. Hapo ndipo penye udhaifu, na sitaufunika: saruji na marumaru vyote viwili huliwa na asidi. Dawa ya juu huchelewesha, haizuii milele. Jiko la limau, ukwaju na susa litaisumbua terazo mahali pamoja hasa, karibu na sinki na ubao wa kukatia.

Lakini fundi huyu, Mungu ampe umri, alikuwa na jibu tayari upande wa kushoto wa sinki. Amezamisha hapo kipande cha graniti nyeusi, mabaki ya yadi ya mawe, upana wa sinia moja, kimelala sawasawa na terazo. Kukamua limau, kumimina unga wa anjera, kukata nyama: yote juu ya kile kipande. Kidogo kile hakikuhitaji lori lake. Kilikuja ndani ya basi, chini ya kiti. Nilipokiona nilipiga makofi, sisemi uongo.

Na terazo ikichoka, haitupwi. Inasagwa upya hapo hapo ilipo, inapakwa nta, inarudi ujana. Sakafu za terazo za shule na hospitali za serikali nchini zimekanyagwa miaka na miaka na bado zipo. Kwazi ikigeuka manjano hakuna wa kuirudisha.

Uamuzi

Kama una jiko la ndani lenye kivuli, pesa ipo, na moyo wako umeshaliwa na ile nyeusi ya dhahabu, nunua graniti, isimamishe wima kwenye lori na uombe dua. Sitakulaumu. Lakini kwa nyumba nyingi kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, na hasa kwa jiko la uani linalopigwa na jua, chukua terazo ya rangi nyepesi na kipande cha graniti karibu na sinki. Rangi nyepesi inaficha vumbi na chumvi ya maji. Nyeusi itakufanya mtumwa wa kitambaa.

Ukilinganisha bei, linganisha zote. Graniti si bei ya slabu tu: kuna kukata, kung'arisha kingo, kutoboa tundu la sinki, lori, na wanaume wa kuibeba kutoka lorini hadi jikoni. Terazo ulizia kwa mita ya mraba, na hakikisha bei hiyo ina kusaga, kuziba matundu, dawa na nta ndani yake. Mafundi wengine hutaja bei ya kumwaga, kusaga kukawa deni jipya. Mwambie akumwagie sampuli kwanza, uikamulie limau na uimwagie bizari mwenyewe kabla hujatoa malipo ya mwanzo. Na usikubali aanze kama hana magunia ya kufunikia na pipa la maji karibu, maana asiye na hayo hajawahi kumwaga terazo kwa jua hili. Ramadhani ikiisha nitarudi Bulla Iftin, baada ya mwezi mzima wa kukaanga, niione ikiwa kazini. Lakini yangu nimeshaamua: ukuta wa mita nne, rangi ya maziwa, punje nyekundu ziongezwe.