Kibendera Kwanza, Mwiko Baadaye

Mwezi Agosti 1983 moto ulipita kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn, jimbo la Montana nchini Marekani, ukala nyasi na vichaka hadi ardhi ikabaki uchi. Msimamizi wa hifadhi wakati huo, James Court, alimwita mwanaakiolojia Richard Fox aje apite juu ya majivu aone kilichojitokeza. Kilichojitokeza kilitosha. Mwaka 1984 na 1985, Fox na Douglas Scott wa idara inayosimamia hifadhi za taifa waliongoza kazi ya uwanjani ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha kila anayetaka kusoma uwanja wa vita kwa detekta ya metali.

Habari za Luteni Kanali George Armstrong Custer zimesimuliwa hadi zimechakaa, nami nitazipitia haraka. Tarehe 25 Juni 1876 alikigawa Kikosi cha 7 cha askari wa farasi na kuivamia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne. Katika kundi alilobaki nalo mwenyewe, watu takriban 210, hakunusurika hata mmoja. Wenzake waliokuwa chini ya maofisa wake Reno na Benteen walizingirwa kwenye kilima kingine, kilomita kadhaa kutoka hapo, na wengi wao wakaokoka. Basi upande wa jeshi haukuwa na shahidi wa kusema Custer alikufaje. Pengo hilo likazibwa na wachoraji: kilima, bendera, duara la askari wakipigana hadi risasi ya mwisho. Mashahidi wa Kilakota na Kicheyenne walikuwapo kwa mamia na walisema waliyoyaona, lakini maneno yao yaliwekwa kando kwa madai kwamba yanapingana.

Ninachotaka kukitazama ni namna kazi ya 1984 ilivyofanyika, kwa sababu ushahidi wake wote unategemea namna hiyo.

Tuanze na sababu ya kuchagua detekta. Mwanaakiolojia anapokagua eneo kubwa, kawaida yake ni kuchimba mashimo madogo ya majaribio kwa umbali uliopimwa. Kijiji kilichokaliwa miaka 200 kitampa jawabu, maana kimeacha jalala, majivu, vigae na matabaka ya udongo. Vita vya saa chache haviachi tabaka. Vinaacha maganda ya risasi, vifungo na misumari ya kwato vilivyotawanyika kwenye mamia ya ekari, vingi vikiwa sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi. Unaweza kuchimba mashimo mia ukatoka mikono mitupu huku ganda limelala mita moja kutoka kila shimo.

Detekta hutatua tatizo hilo. Koili yake hupitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na hapo hutokea uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga ukikuta metali, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme. Navyo hutoa uga wao, unaonaswa na koili ya kupokea na kugeuzwa mlio masikioni mwa mwendeshaji. Kwa kitu cha ukubwa wa sarafu, mashine za aina hii hufika kina cha sentimita 20 au 30, kutegemea udongo. Huko Montana kina hicho kilitosha sehemu kubwa ya uwanja, isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja.

Mashine nyingi zina kitufe cha kuchuja, kinachonyamazisha chuma ili msaka sarafu asipoteze siku akichimbua misumari. Katika kazi ya utafiti kitufe hicho huzimwa. Ncha za mishale za wakati ule zilikuwa za chuma, misumari ya kwato ni ya chuma, na ukivinyamazisha umefuta nusu ya vita kabla hujainama kuchimba. Tabia ya msaka mali na tabia ya mtafiti huachana hapo, mikononi mwa mtu yuleyule mwenye mashine ileile.

Kwa kweli watu walikuwa wale wale. Scott na Fox waliwatumia wapenzi wa detekta waliojitolea, watu ambao wanaakiolojia wengi wa Marekani waliwahesabu kuwa wezi. Chuki hiyo ilikuwa na msingi. Kitu kikishang'olewa bila kuandikwa kilipokuwa, kinachobaki ni pambo la kabatini. Na tangu 1979 sheria ya nchi inapiga marufuku kuchimba mabaki ya kale kwenye ardhi ya serikali kuu bila kibali. Lakini mtu aliyezungusha koili kila Jumamosi kwa miaka kumi ana sikio ambalo profesa hana. Anasikia tofauti ya mlio wa ganda lililolala ubavu na ule wa kopo la bia. Viongozi wa utafiti waliukubali ujuzi huo, kisha wakauwekea nidhamu.

Nidhamu yenyewe ilikuwa hivi. Waendeshaji walipangwa kwenye mstari mmoja, mita 5 hivi kati ya mtu na mtu, wakatembea sambamba juu ya ardhi iliyopangiwa zamu hiyo, kila mmoja akipepesa koili kushoto na kulia. Detekta ikilia, mwendeshaji hachimbi. Anachomeka kibendera na kusonga mbele, mstari usivunjike. Nyuma yao linakuja kundi la pili lenye miko na brashi. Hawa wanaufukua udongo taratibu hadi kitu kionekane, wanakiacha palepale kilipo. Mtu mwenye mazoea ya kuokota na kutia mfukoni hapo hujifunza upya, maana kazi ya kundi la pili ni kufunua tu. Kundi la tatu linakuja na vifaa vya kupima ardhi, linachukua umbali na pembe kutoka kituo maalumu, linaandika kina, na kama ni kichwa cha risasi linaandika kimelala kikielekea wapi na kwa mwinamo gani. Baada ya hayo kitu kinapewa namba, kinatiwa kwenye mfuko, na kibendera kinang'olewa.

Ni kazi ya polepole inayochosha jicho, na sioni namna ya kuifupisha. Kichwa cha risasi kilichoinuliwa kabla ya kupimwa hakitasema tena kilipigwa kutoka upande gani. Kwa misimu miwili ya namna hiyo vilikusanywa vitu maelfu kadhaa, kila kimoja na mahali pake kwenye ramani.

Nusu ya pili ya kazi ilifanyika maabara, kwa ufundi wa polisi. Bunduki ikifyatuliwa, pini yake hugonga kitako cha ganda na kuacha kovu. Hakuna pini mbili zinazofanana kabisa, kwa hiyo maganda mawili yenye kovu lilelile chini ya hadubini yametoka kwenye bunduki moja. Bunduki aina ya Henry na ile ya Winchester ya mwaka 1866 ni rahisi zaidi kutambua, kwa sababu pini yao hugonga ukingo wa ganda pande mbili kwa mpigo. Vichwa vya risasi navyo hubeba mikwaruzo ya mifereji ya mtutu: karabina ya Springfield waliyobeba askari ina mifereji mitatu, bastola yao ya Colt ina sita inayopinda kushoto. Mwenye hadubini na subira anajua silaha gani ilirusha nini.

Sasa unganisha kovu na ramani. Ganda la bunduki fulani liko sehemu moja ya uwanja, jingine la bunduki ileile liko mamia ya mita mbele. Mtu mmoja, asiyejulikana jina, ameonekana akihama katikati ya vita zaidi ya miaka 100 baadaye. Silaha za Walakota na Wacheyenne zilikuwa za aina zaidi ya 40, kuanzia magobole ya kujazia mdomoni hadi bunduki za kisasa za kufyatua mfululizo, ilhali karabina ya askari ilitiwa risasi moja moja. Karibu na kilima kiitwacho Calhoun yalikutwa maganda mengi ya Henry na Winchester mahali pamoja hata watafiti wakapaita Henryville. Jirani yake, maganda ya Springfield yalionyesha askari waliojipanga safu na kupigana kwa utaratibu. Kadiri unavyoelekea kilima alichofia Custer, maganda ya Springfield yanapungua na utaratibu huo hauonekani tena. Fox alihitimisha kwamba safu zilivunjika, askari wakakumbwa na hofu na kurundikana, na kwamba ile picha ya kupigana hadi risasi ya mwisho haina msingi ardhini. Ndivyo walivyosema wengi wa mashahidi waliopuuzwa.

Hoja nyingine ya zamani ilipungua nguvu palepale: kwamba maganda ya shaba yalikwama ndani ya karabina na kuwaponza askari. Ganda lililokwama huchokonolewa kwa kisu na kisu huacha alama. Yenye alama hizo yalikuwa machache mno, chini ya 5 katika kila 100.

Hapa ninasita kidogo. Uchache wa maganda kwenye kilima cha Custer unaweza kuwa na sababu nyingine isiyo ya kivita. Kilima hicho ndicho kilichotembelewa kuliko sehemu zote tangu 1876. Ndicho chenye mnara, barabara na kila mgeni aliyetaka kumbukumbu ya kuondoka nayo. Watafiti walilijua hilo na walilizingatia, lakini karne ya kuokota haina daftari, na anayejenga hoja juu ya kisichopatikana lazima akumbuke nani alipita kabla yake. Tena, maganda hayana saa. Ramani inaonyesha bunduki ilikuwa hapa na pale; kwamba hapa palitangulia pale, hilo tunalipata kwa wasimulizi wa Kilakota na Kicheyenne. Ningependa Fox alisisitize zaidi: bila masimulizi, vibendera vyote vile ni nukta tu.

Na kuna mahali mashine ilishindwa. Masimulizi na barua za waliozika zinasema askari wapatao 28 walifia kwenye korongo kubwa liitwalo Deep Ravine. Hawajapatikana. Mwanajiolojia Vance Haynes alichunguza udongo wa korongo hilo na kuonyesha jinsi maji yalivyolijaza mashapo tangu wakati ule. Kama miili iko huko, iko chini sana kuliko sentimita 30.

Mbinu yenyewe ilisafiri. Mwaka 1999 Scott alikuwa Colorado, safari hii kutafuta kijiji cha Sand Creek ambako tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi wa Kanali John Chivington waliua Wacheyenne na Waarapaho takriban 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wazao wa waliouawa walishiriki katika upekuzi. Mstari ulipangwa, vibendera vikachomekwa, na pamoja na sufuria na vyombo vya nyumbani vikapatikana vipande vya makombora ya mizinga. Mizinga ilikuwa upande mmoja tu, kwa hiyo vipande hivyo vilionyesha kilipokuwa kijiji kilichopigwa. Ila vilikuwa zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye kona ya mto ambayo wazee wengi wa Kicheyenne waliijua kuwa ndipo, kona ambayo walikwisha kuibariki kwa ibada yao. Hawakukubali kwamba detekta imewasahihisha. Eneo la kumbukumbu lilipofunguliwa rasmi mwaka 2007, mipaka yake ilikuwa imechorwa kwa upana wa kutosha kuchukua sehemu zote mbili.