Fremu Inayokutosha kwa Safari Ndefu

Muuzaji akikutazama kutoka kichwani hadi miguuni, akakuuliza urefu wako, kisha akakutolea fremu ya 54, bado hajakupima. Watu wawili wa sentimita 172 wanaweza kupishana urefu wa miguu kwa sentimita 5, na kilichopungua miguuni kwa mmoja kimo kiwiliwilini mwake. Huyo mwenye kiwiliwili kirefu ataushika usukani kwa raha pale ambapo mwenzake atanyoosha viwiko na kukaza shingo. Kwa kwenda sokoni na kurudi, tofauti hiyo haina uzito. Kwa safari ya siku 10, saa 6 kila siku juu ya kiti na mikoba imejaa kwenye keria, ndiyo inayoamua kama utafika na hamu ya kuendelea au na vidole vilivyokufa ganzi.

Ukikumbuka jambo moja tu unapochagua baiskeli ya safari, kumbuka hili: kosa la kwenda juu hurekebishika, kosa la kwenda mbele ni gumu kurekebisha. Kiti hupandishwa na kushushwa kwa kulegeza nati moja, na baiskeli haibadiliki tabia. Usukani ukiwa mbali nawe, dawa iliyopo ni kubadilisha shingo yake, yaani kile kipande kinachoushika juu ya foki, na shingo ina mipaka. Kwenye fremu ya saizi ya kati yenye usukani wa kupinda chini, shingo ya milimita 80 hadi 110 hukaa vizuri. Ukilazimika kufunga ya milimita 50 ili kuiokoa fremu ndefu kupita kiasi, baiskeli huanza kugeuka kwa wepesi usioutaka, hasa ukiteremka mlima na mzigo.

Namba ya saizi tunayoisoma kwenye kibandiko ni urithi wa zamani. Thomas Stevens, aliyeondoka California Aprili 1884 na kumaliza safari yake ya kuizunguka dunia huko Yokohama Desemba 1886, alipanda baiskeli ya Columbia yenye gurudumu la mbele la inchi 50. Pedeli zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu hilo, kwa hiyo ukubwa wake ulifuata urefu wa mguu wa mpandaji. John Kemp Starley wa Coventry alipotoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, mnyororo ulilitenganisha gurudumu na mguu, na kipimo kikahamia kwenye fremu. Bomba la juu likaja kulazwa sawa na ardhi, kiti kikachomoza kidogo tu juu yake, na kwa miongo mingi ilitosha kutaja urefu wa bomba la kiti peke yake. Mabomba mengine yalilifuata hilo.

Siku hizi haitoshi. Mafundi wengine hupima bomba la kiti kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi katikati ya bomba la juu, wengine hadi ukingo wa juu wa bomba lenyewe, na njia hizo mbili hupishana kwa sentimita 1 hadi 2 kwenye fremu ileile. Tangu bomba la juu lilipoanza kuinamishwa kuelekea kiti, namba imezidi kupoteza maana: fremu iliyoandikwa 48 inaweza kuwa na urefu wa mbele sawa na nyingine iliyoandikwa 54. Kwa baiskeli za mitumba zinazoingia kutoka Japani na Ulaya, ambamo inchi, sentimita na milimita huchanganyika kwenye safu moja, kibandiko kisomwe, kisha futi ya fundi ifanye kazi yake.

Sisi tuliokulia kati ya Raleigh, Phoenix na Hero tuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Baiskeli hizo kubwa nyeusi, ambazo Kenya huziita Black Mamba, zilizoeleka katika fremu za inchi 22 au 24, na kila mtu katika familia alipanda iliyopo. Mtoto alipenyeza mguu chini ya bomba la juu na kuendesha akiwa upande. Mtu mzima mfupi aliteleza juu ya kiti kushoto na kulia. Ziliwezekana kwa sababu mabomba yake yamelala sana na usukani unarudi nyuma kumfuata mpandaji, hivyo mgongo unabaki wima hata saizi isipokuwa yake. Baiskeli ya safari yenye usukani wa kupinda chini inakuinamisha mbele kwa makusudi, ili upepo usikuzuie na uzito ugawanyike kati ya makalio, mikono na miguu. Huko saizi isiyo yako haifichiki.

Anza na mwili. Simama peku, mgongo ukutani, nyayo zikiachana kama sentimita 15. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, ukingo wake ukigusa ukuta, kivute juu hadi kibane msamba kwa nguvu ileile ya kiti cha baiskeli, na mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Usitumie kipimo cha suruali, maana suruali huishia mbali na mfupa. Tuseme umepata sentimita 82. Ukizidisha kwa 0.883 unapata 72.4, na huo ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Kanuni hiyo ilitoka kwa kocha Mfaransa Cyrille Guimard na kuenezwa na Greg LeMond, mshindi mara 3 wa Tour de France. Kanuni yao nyingine, ya kuzidisha kwa 0.65, inakupa fremu ya kama sentimita 53 ikipimwa hadi katikati ya bomba la juu. Ichukue kama mahali pa kuanzia kutafuta, na kwa fremu yenye bomba la juu lililolala sawa tu.

Kiti kikishafika kimo chake, kisogeze mbele au nyuma mpaka uweze kukanyaga kwa nguvu huku mikono imeugusa usukani kidogo tu, bila kuuegemea. Hapo kimepata makazi na kisiguswe tena. Watu wengi huharibu kazi hapa: usukani ukiwa mbali, wanakisukuma kiti mbele. Usukani unakaribia kweli, lakini uzito wote unaangukia viganjani, na baada ya saa chache kidole kidogo na kile cha jirani yake vinakufa ganzi. Kiti kinafuata pedeli, na usukani unafuata kiti. Ukiupindua mfuatano huo, hakuna fremu itakayokufaa.

Wapenzi wa kiti cha ngozi cha Brooks B17, kinachopendwa sana na wasafiri, wana jambo la kuangalia. Reli zake za chini ni fupi, kwa hiyo hakirudi nyuma sana. Kwenye fremu ambayo bomba la kiti limesimama kwa nyuzi 74, mwenye paja refu anaweza kufika mwisho wa reli na bado akahitaji sentimita 2 zaidi. Nyuzi 72 au 73 zinampa nafasi.

Sasa tufike mbele, ambako fremu nzuri inajitenga na fremu inayoelekea kuwa nzuri. Wauzaji hutaja urefu wa bomba la juu, nacho ni kipimo bora kuliko kile cha bomba la kiti, ila kinaweza kukupotosha. Chukua fremu mbili zenye bomba la juu la sentimita 56, moja bomba lake la kiti limelala kwa nyuzi 72, nyingine limesimama kwa 74. Kwa kuwa kiti chako kinafuata pedeli, kitakaa mahali palepale kwenye zote mbili, na utakuta ile ya 74 inauweka usukani mbele zaidi kwa takriban sentimita 2. Kwenye karatasi zilikuwa sawa.

Kipimo kisichodanganya huanzia kwenye ekseli ya krenki na kuishia juu ya bomba la usukani, kikigawanywa mara mbili: kimo cha kwenda juu na mfiko wa kwenda mbele. Dan Empfield wa Marekani ndiye aliyevieneza vipimo hivi, na sasa viwanda vingi huviandika. Baiskeli isiyo na karatasi unaweza kuipima mwenyewe dukani. Isimamishe wima, gurudumu la nyuma likigusa ukuta. Pima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya krenki, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la usukani; tofauti ni mfiko. Fanya vivyo hivyo kutoka sakafuni, na tofauti ni kimo. Fremu ya safari ya saizi ya kati itakuonyesha mfiko wa karibu sentimita 38 na kimo cha 57 hadi 59.

Mfiko usiulinganishe peke yake. Pete zinazowekwa chini ya shingo kupandisha usukani huurudisha nyuma pia, kwa sababu bomba la usukani limelala: kila sentimita 3 za pete hurudisha karibu sentimita 1. Fremu yenye mfiko wa 38 na kimo cha 55 ikipandishwa kwa pete hadi 58, mfiko wake unakuwa 37. Kwa msafiri, kimo ndicho cha kutazama kwanza. Ninapendelea usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, na bomba la usukani liwe refu kiasi cha kufika huko kwa pete chache. Mnara wa pete juu ya bomba fupi unasema fremu hiyo ilichorwa kwa ajili ya mashindano.

Aina ya usukani huamua pia. Usukani wa kupinda chini unasukuma mikono mbele kwa sentimita kadhaa ukilinganisha na ulionyooka, kwa hiyo fremu iliyobuniwa kwa usukani ulionyooka huwa ndefu zaidi. Fremu za chuma za baiskeli za milimani za miaka ya 1980 na 1990, zisizo na springi, ni malighafi bora ya baiskeli ya safari, nazo hupatikana kwa bei ya chini. Ziachie usukani wake ulionyooka, au uliorudi nyuma, na zitakubeba mbali. Ukizifunga wa kupinda chini, tafuta iliyo ndogo kuliko saizi ungeichukua kwa kawaida.

Ukijikuta kati ya saizi mbili, mashabiki wa mashindano watakwambia uchukue ndogo. Kwa safari mimi huchukua kubwa, mradi mfiko wake haujanipita, kwa sababu inaleta usukani juu bila kulazimisha. Grant Petersen wa kampuni ya baiskeli ya Rivendell, California, ameitetea hoja hii kwa miaka mingi, na baiskeli zake zimejengwa juu yake. Kampuni ya Thorn ya Uingereza iliona tatizo lilelile kwa upande mwingine, ikatoa fremu za bomba la juu fupi na refu kwa kimo kimoja cha bomba la kiti. Ni heshima ninayotamani viwanda vingi zaidi viwape wanunuzi.

Wenye mwili mdogo ndio wanaouziwa vibaya zaidi. Gurudumu kubwa la 700C kwenye fremu fupi sana linaukaribia mguu kiasi kwamba, ukikata kona polepole, kidole cha kiatu kinagonga madigadi. Baadhi ya viwanda hulikwepa hilo kwa kusukuma gurudumu mbele, na mfiko unarefuka kwa mtu yuleyule aliyeuhitaji mfupi. Njia ya haki ni kupunguza gurudumu. Saizi ndogo za baiskeli ya Long Haul Trucker ya Surly zilitengenezwa kwa magurudumu ya inchi 26, na 700C ikaachiwa fremu kubwa. Dada au kaka wa sentimita 155 akiambiwa kwamba ya 700C itamfaa akizoea, atafute duka jingine.

Kwenye baiskeli ya mtumba, tazama vitu viwili ambavyo mmiliki wa zamani anaweza kuwa alivimaliza. Cha kwanza ni bomba la foki linalopita ndani ya bomba la usukani. Kwenye mifumo ya kisasa hukatwa kufuata kimo cha mwenye baiskeli, na lililokatwa halirudi. Kama shingo imekaa juu ya fremu bila pete hata moja, huna pa kuupandishia usukani. Shingo za zamani zinazozama ndani ya foki hupandishwa kwa urahisi, hadi kwenye alama iliyochongwa ya kikomo, na zisipite hapo. Cha pili ni nguzo ya kiti, nayo ina alama yake. Ikionekana nje kiti kikiwa kwenye kimo chako, tafuta nguzo ndefu zaidi kabla ya kupanda. Kwa fremu yenye bomba la juu lililolala sawa, nguzo inayochomoza kiasi cha kushikwa na ngumi moja ni dalili njema. Simama ukivuka bomba hilo na viatu vyako vya safari: pabaki sentimita 2 au 3.

Halafu omba kuijaribu na mzigo. Mikoba miwili yenye mchele kilo 8 kila mmoja inatosha. Zunguka uwanjani polepole, ukisikiliza kama visigino vinagonga mikoba unapokanyaga kinyumenyume. Hiyo ni kazi ya mabomba ya nyuma, na kwa mwenye kiatu cha 45 nataka yawe na sentimita 45 au zaidi kutoka ekseli ya krenki hadi ekseli ya gurudumu. Simama juu ya pedeli kwenye mteremko mdogo, kisha achia mkono mmoja uchukue chupa ya maji. Fremu kubwa yenye mabomba membamba ikianza kutikisika mbele, hata kidogo, na nati za keria na bakuli za gololi zimekazwa vizuri, mwambie muuzaji asante na mrudishie. Ikitulia, na viwiko vimekunjika kidogo vyenyewe, zungumzia bei.