Soma Mstari Kabla ya Kununua Leza

Nakshi ya leza ina fani yake, na fani hiyo inasomeka. Mstari una unene, rangi, ukingo na kina. Kila kimoja kinaeleza ni mwanga wa aina gani uliopita pale na ni mashine gani iliyouongoza. Anayetafuta mashine kwa fedha kidogo huonyeshwa kwanza idadi ya wati. Ushauri wangu ni kwamba aanze na kazi yenyewe: achukue vipande vilivyokwisha kuchongwa, avisome, kisha ndipo aulize bei.

Tuanze na mbao, maana ndipo mashine za bei nafuu zinapofanya vizuri. Nyingi hutumia daiodi yenye mwanga wa buluu wa takriban nanomita 450, ambao mbao huufyonza na kuungua. Tazama herufi E iliyochorwa kwa mstari mmoja kwenye plaiwudi. Mgongo uliosimama huweza kutofautiana kidogo kwa unene na mikono mitatu iliyolala, kwa sababu doa la mwanga wa daiodi mara nyingi ni mstatili, si duara. Kisha angalia pembe. Kichwa cha mashine hupunguza mwendo ili kigeuke. Nguvu ya mwanga isipopungua pamoja nao, pembe huungua kupita kiasi na kuacha kitone cheusi. Kitone hicho hakitokani na uhaba wa wati. GRBL, programu inayoendesha mashine nyingi za aina hii, ina amri ya M4 inayolinganisha nguvu na mwendo.

Picha ya uso ni mtihani mgumu zaidi. Mara nyingi kivuli hujengwa kwa vitone vinavyosongamana au kuachana. Doa likiwa na upana wa milimita 0.1 na mistari ikapangwa kila milimita 0.05, kila mstari utaunguza nusu ya mwenzake, na shavu lote litakuwa jeusi tii. Kwa hiyo ukiona picha iliyofifia maelezo yake, uliza ukubwa wa doa kabla ya kuuliza nguvu.

Akriliki angavu ina masharti mengine. Mwanga wa buluu hupita ndani yake kama upitavyo dirishani, bila kuacha alama. Hapa daiodi ya wati 5 na ya wati 20 zote hushindwa, mpaka akriliki ipakwe rangi ya kunasa mwanga. Leza ya kabonidioksidi, yenye mawimbi ya mikromita 10.6, hufyonzwa na akriliki hiyohiyo. Kwenye akriliki iliyomiminwa, mstari wake huwa na weupe wa ukungu unaosomeka ukiwa mbali, na ukingo uliokatwa vizuri hung'aa bila kupigwa msasa.

Muhuri wa mpira ndio unaofichua ustadi. Herufi imeandikwa kinyume na imesimama juu ya mpira uliochimbwa kuizunguka. Uinue muhuri usawa wa jicho, utazame ubavu wa herufi. Herufi njema hutanuka kuelekea chini, na shina hilo pana huizuia isilale muhuri unapogandamizwa. Yenye shina jembamba huyumba, na wino wake hutoka umechafuka. Fani hii hupatikana kwa kubadili nguvu hatua kwa hatua kadiri mwanga unavyoikaribia herufi. Daiodi huweza kazi hii kwa kupita mara nyingi. Kabonidioksidi huimaliza upesi zaidi.

Kwenye chuma, tangazo lisomwe mara mbili. Kikombe cha chuma kilichopakwa rangi, kikichongwa kwa daiodi, huondokewa na rangi tu. Pitisha ukucha utahisi ukingo wa rangi, si shimo katika chuma. Kazi hiyo ni halali na inauzika, ila si uchongaji wa chuma. Anayetaka kuchimba chuma kitupu au shaba atafute leza ya faiba, ya nanomita 1064. Nayo haifai kwa akriliki angavu, kwenye mbao ni dhaifu, na mashine nyingi za aina hiyo huchonga eneo dogo, kama milimita 110 kwa 110.

Sasa ndipo wati zina maana. Baadhi ya matangazo huandika umeme unaoingia badala ya mwanga unaotoka, hata "wati 40" zikawa wati 5 za mwanga. Ulizia wati za mwanga. Bajeti nayo isiache pampu ya hewa, bomba la kutoa moshi na miwani inayolingana na mawimbi ya leza husika. Pampu ni sehemu ya fani: hufukuza moshi, ukingo ukabaki safi. Ngozi bandia ya PVC isichongwe kabisa, kwani hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kuitia mashine kutu.

Hukumu yangu ni hii. Anayechonga mbao na ngozi halisi, daiodi ya wati 10 za mwanga inamtosha. Anayeishi kwa akriliki na mihuri adunduize anunue ya kabonidioksidi. Mwenye kazi ya chuma mara mojamoja aipeleke kwa fundi mwenye faiba. Na kabla hujalipa, mpe muuzaji herufi E, picha ya uso na kipande cha malighafi unayofanyia kazi kila siku, akuchongee ukiona. Akikataa, usinunue.