Ufito wa Gramu Mbili

Mtu akienda kununua ufito wa kuvulia, swali la kwanza atakaloulizwa dukani ni samaki gani anayemtaka. Nguru au tewa, sangara au kambale: ukubwa wa samaki ndio huamua unene wa ufito, nguvu ya mshipi na ukubwa wa ndoana. Kanuni hiyo ni nzuri na imewafaa wavuvi wengi. Lakini upo uvuvi mmoja ulioipindua, nao ndio niupendao kuliko wote: kurusha chambo bandia cha gramu mbili au tatu kwa rili ambayo bobini yake huzunguka. Huko ufito hauchaguliwi kwa nguvu za samaki. Huchaguliwa kwa udhaifu wa chambo.

Gramu mbili ni kitu gani? Karatasi moja ya ofisini, ile ya A4, ina gramu tano. Chambo chetu basi hakifiki hata nusu ya karatasi, na uzito huo mdogo ndio unaotakiwa kuvuta mshipi, kuizungusha bobini, kupita chini ya matawi na kutua kando ya jiwe ulilolikusudia, mita kumi mbele yako.

Ugumu wake unaeleweka mtu akizitazama rili zenyewe. Ile iliyozoeleka zaidi, bobini yake haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi huteleza tu ukingoni na kwenda zake, kwa hiyo hata chambo chepesi huuvuta bila taabu. Ile ya pili hukaa juu ya ufito, bobini ikiwa imekingama, na chambo kikiruka hakina budi kuizungusha bobini nzima pamoja na mshipi wote uliomo. Kitu kilichotulia hakipendi kuanza kwenda, na kikishakwenda hakipendi kusimama. Chambo chepesi hupunguzwa mwendo na hewa mara tu kinapoiacha ncha ya ufito, ilhali bobini ingali inazunguka kwa kasi iliyoanza nayo. Mshipi unaomwagwa na bobini huwa mwingi kuliko unaochukuliwa na chambo, na kufumba na kufumbua umejitatiza ndani ya rili, fundo juu ya fundo. Ndiyo maana kwa miaka mingi ushauri wa wajuzi ulikuwa mfupi: chini ya gramu saba hivi, yaani robo ya aunsi, achana na bobini inayozunguka.

Waliokataa ushauri huo walikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni kidole gumba. Katika rili ya aina hii kidole hukaa juu ya bobini tangu mwanzo wa kurusha hadi mwisho. Chambo kikiwa bado angani unaweza kukipunguza mwendo kwa mguso mdogo, ukakifikisha majini kimelala, bila kishindo cha kuwatimua samaki. Unaweza kukisimamisha kabisa ukiona kinaelekea kwenye tawi. Hakuna chombo kingine cha uvuvi ninachokijua kinachomwachia mvuvi mamlaka kama hayo juu ya kitu ambacho tayari kimetoka mkononi mwake.

Rili hii ina asili ya kufurahisha: ilikuzwa na mafundi saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji mdogo wa Paris ulioko jimbo la Kentucky, Marekani, fundi saa na fedha aitwaye George Snyder alitengeneza rili zenye gia za kuzidisha mwendo, ukizungusha mkono mara moja bobini inazunguka mara kadhaa. Ndugu wa ukoo wa Meek, mafundi saa wa Frankfort, jimbo hilohilo, wakaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1921 huko Svängsta, Uswidi, kilianzishwa kiwanda cha saa ambacho baadaye kiligeukia vyombo vya uvuvi kwa jina la Abu, na mwaka 1952 kikatoa rili iliyoitwa Ambassadeur. Mwaka huohuo wa 1921, Shozaburo Shimano alifungua karakana ya vipuri vya baiskeli huko Sakai, Japani, mji ambao wahunzi wake walikwishasifika kwa karne nyingi kwa visu na bunduki. Kampuni yake iliingia kwenye vyombo vya uvuvi mwaka 1970. Nikishika rili ndogo ya leo, yenye bobini isiyozidi gramu kumi, siioni kuwa kitu kipya. Naona mstari mmoja wa mikono iliyozoea kushughulika na vijisehemu vidogo.

Japani ndiko mpaka wa gramu saba ulikovunjwa. Samaki aitwaye besi alipelekwa huko kutoka Marekani mwaka 1925 na Akaboshi Tetsuma, akamwagwa katika ziwa Ashi, kisha akaenea. Leo sheria ya nchi hiyo inamhesabu kuwa kiumbe mvamizi, na kwa haki, maana amewaumiza samaki wa asili. Lakini kwa wavuvi wa michezo alikuwa mwalimu mkali. Katika maji yanayovuliwa kila siku, besi hujifunza kuvikwepa vyambo vikubwa, na wavuvi wakalazimika kwenda kwenye vyambo vidogo zaidi na zaidi, huku samaki wenyewe wakijificha ndani ya magugu na miti iliyozama, mahali ambapo mshipi mwembamba hukatika. Walihitaji chambo chepesi na mshipi wenye nguvu kwa pamoja. Hapo ulizaliwa mtindo wanaouita beito finesu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni kubwa zilikuwa zikitoa rili zilizoundwa kwa ajili yake tu: bobini yenye kina kifupi, iliyotobolewa matundu ubavuni, na breki ya sumaku. Breki hiyo ni akili tupu. Bobini ni ya alumini, haivutwi na sumaku. Lakini ikizunguka karibu nayo, ndani yake huzuka umeme mdogo unaoipinga, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyozuiwa. Inabanwa zaidi pale mwanzoni, penye hatari, kisha inaachiliwa yenyewe.

Hata hivyo, mtindo huu ulipata makao yake ya kweli si ziwani bali mtoni, katika vijito vya milimani wanamokaa samaki waitwao yamame, amago mwenye madoa mekundu, na iwana apendaye maji ya baridi kabisa karibu na chemchemi. Msomaji aliyewahi kutembea kando ya mito ya Aberdare au Mlima Kenya, ambako trauti waliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, anaijua sura ya maji hayo: mto wa hatua chache kwa upana, mawe makubwa, kivuli, matawi yaliyoinama mpaka karibu yaguse maji. Hapo mvuvi harushi mbali. Anarusha mita tano, nane, kumi na mbili, tena na tena, huku akipanda juu kinyume cha mkondo. Chambo kikigusa maji, mkondo unaanza papo hapo kukirudisha kwake, hivyo hana nafasi ya kupoteza. Kwa rili ya bobini inayozunguka, anageuza mkono wa rili kidogo tu, mshipi umekaza, chambo kiko kazini. Kuna mafundi wa Japani, Avail wakiwa miongoni mwao, wanaotengeneza bobini nyepesi za kuwekwa ndani ya Ambassadeur ndogo za zamani kama 2500C, ili chombo kilichoundwa kwa vyambo vizito zaidi kiweze kurusha vya kijitoni. Nawaheshimu sana watu hao.

Lakini wengi hutumia fedha zote kwenye rili, kisha wakachukua ufito wowote uliobaki dukani. Mimi ningefanya kinyume. Rili nzuri juu ya ufito mgumu haina kazi. Ufito hufanya kazi kwa kupinda: mkono unausukuma, uzito wa chambo unaivuta ncha nyuma, nguvu inajihifadhi katika ule mpindo, kisha ufito unaponyooka unakitupa chambo. Chambo kikiwa chepesi mno kuupinda, mpindo haupo, na kinachobaki ni mkono mtupu kukirusha kwa ghafla. Ghafla hiyo huishtua bobini, inaanza kwa kasi isiyodumu, na mshipi unajitatiza. Ufito unaonesa hurefusha msukumo. Chambo huondoka kwa mwendo unaokua polepole, bobini huamka bila kushtuliwa. Mafundo mengi ambayo breki hulaumiwa kwayo huanzia kwenye ufito.

Basi soma maandishi yaliyo juu ya mpini, na usome namba ya chini kabla ya ile ya juu. Ufito ulioandikwa gramu 1 hadi 6 na ule wa gramu 3 hadi 10 ni vyombo viwili tofauti, hata kama vyote vimebandikwa jina la wepesi. Wala usiiamini namba hiyo bila kuihoji, kwa sababu mara nyingi ile ya chini ni matumaini ya mtengenezaji kuliko kipimo chake. Funga chambo cha gramu mbili mwishoni mwa mshipi, kiache kining'inie kiganja kimoja chini ya ncha, kisha utikise ufito taratibu kwa kifundo cha mkono. Ncha inapaswa kukijua chambo: kuinama, kukifuata, kurudi. Kama ncha imesimama tu huku chambo kikibembea chenyewe, rudisha ufito mahali pake.

Ulaini nao una mpaka. Mtoni hutumika sana samaki bandia mdogo anayezama, kama D-Contact ya kampuni ya Smith, yenye milimita 50 na gramu 4.5, ambaye hana uhai mpaka mvuvi amtikise kwa ncha, pigo fupi juu ya pigo fupi, ageuke ubavu na kumetameta kama aliyejeruhiwa. Ufito ulionyong'onyea kuanzia ncha hadi mpini hunyonya mapigo hayo yote. Kinachotafutwa ni ncha laini, kati yenye kunesa, na shina linaloshika. Mahali ulaini unapoishia na ugumu unapoanzia hapaonekani kwa macho. Ni siri ya aliyeuunda. Hukata mashuka membamba ya nyuzi za kaboni kwa vipimo, huyaviringisha kwenye chuma kilichochongwa chembamba mwisho mmoja, huyafunga kwa utepe, huyaoka tanurini, kisha huchomoa chuma. Mchongo wa chuma na mkato wa mashuka ndio tabia ya ufito; milimita chache za shuka mahali fulani huugeuza kuwa ufito mwingine.

Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuzalisha nyuzi za kaboni kibiashara mwaka 1971, nazo hazikukawia kuingia kwenye fito ndefu za kuvulia samaki aitwaye ayu, zile zinazofika mita tisa, ambazo wepesi wake ni nafuu kubwa kwa mikono. Kwenye ufito wa futi tano hoja hiyo hupungua nguvu. Kaboni ngumu hupeleka habari upesi mkononi, lakini pia hunyooka upesi mno kwa chambo kisicho na uzito. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo na zina mwendo wa taratibu, na taratibu hiyo ndiyo hasa bobini inayoitaka. Kwa ufito wa chini ya futi tano nachagua kioo, au kioo kilichochanganywa na kaboni, bila kusita. Kuanzia futi sita na kuendelea, kaboni.

Urefu huamuliwa na miti. Kijito kilichofunikwa hutaka futi nne na nusu hadi tano, yaani kama mita moja na nusu, na mpini mfupi usiogonga mkono wa shati unaporusha kutoka chini kwenda juu. Huo ndio mrusho wa mtoni: ncha huzungushwa kwa kifundo, inachora duara dogo, na chambo hutoka kikiwa chini, sambamba na maji, chini ya majani yote. Kwa ufito usiopinda mrusho huo hauwezekani.

Pete nazo si za kupuuzwa. Kwa kuwa mshipi hutoka kwenye bobini moja kwa moja bila mizunguko, pete zinaweza kuwa ndogo sana, na zinapaswa kuwa hivyo, kwani kila uzito ulioongezwa nchani huichelewesha kurudi. Fremu za titani na pete za silikoni kabaidi, kama zile za kampuni ya Fuji, zina bei kubwa, na kwa ufito huu bei hiyo ni halali. Jambo jingine: pete ziko upande wa juu, hivyo ufito ukipinda sana mshipi huweza kuulalia. Pinda ufito dukani huku mshipi ukiwa umepitishwa na utazame. Ukiona mshipi unagusa ufito kati ya pete mbili, pete hazikutosha, au zilipangwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Maduka yangefanya hisani kubwa kama yangeweka kando ya fito hizi kisahani cha vyambo halisi, gramu mbili, tatu, nne na nusu, na rili moja iliyokwisha kufungwa mshipi wa ratili tano. Mteja angejaribu mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Na mtengenezaji angelazimika kuandika kwenye mpini ile namba ya chini anayoweza kuitetea mbele ya mtu aliyeshika chambo.