"Hasi", "Haba" na "Kinga" katika Istilahi za Saratani ya Matiti

Istilahi nyingi za tiba ya saratani ya matiti zimezaliwa kwa haraka, na haraka hiyo imeacha alama zake. Hatuna ugomvi na "tibakemia" wala "tibamionzi". Maneno hayo yameundwa kwa kanuni na yamekwisha kuzoeleka. Neno linalotutia mashaka ni "hasi".

Neno hili la hisabati na umeme limezoeleka pia katika majibu ya vipimo vya UKIMWI, ambako mtu akiambiwa "hasi" hufurahi. Sasa mwanamke anaambiwa kwamba saratani yake ni "hasi tatu". Atajuaje kwamba hasi hizo ni kukosekana kwa vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni na wingi wa protini ya HER2, yaani dawa zinazolenga vitu hivyo hazina pa kushika? Kwake hasi ni heri.

Sayansi yenyewe nayo imelikana neno hili. Kwa miaka mingi uvimbe wenye HER2 kidogo ulihesabiwa kuwa hasi, kwa kuwa dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilikusudiwa wenye protini hiyo kwa wingi. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya majaribio ya trastuzumabu deruksitekani kwa wagonjwa wenye HER2 kidogo ambao saratani yao ilikwisha kusambaa. Waliopewa dawa hiyo waliishi miezi 23.4 kwa hesabu ya wastani wa kati. Waliopewa tibakemia ya kawaida, miezi 16.8. Hasi ya jana, basi, ilikuwa na kitu ndani yake.

Tunapendekeza "HER2 haba". Wapo watakaosema kwamba haba ni neno la jikoni na vibaba; sisi twaona hiyo ndiyo sifa yake.

"Kinga" nayo imebebeshwa mzigo usio wake: chanjo, tamoksifeni, hata picha ya eksirei ya matiti. Katika majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 1998, tamoksifeni ilipunguza saratani kwa karibu nusu miongoni mwa wanawake wenye hatari kubwa. Kupunguza si kukinga. Picha haizuii uvimbe kuota, bali huugundua mapema. Anayeambiwa amekingwa haoni sababu ya kurudi kupimwa. Tungependa wahariri waandike "upunguzaji wa hatari" kwa dawa na "ugunduzi wa mapema" kwa picha, hata kama mistari ya kijarida itarefuka.